Ndimu, Machungwa na Chombo cha Kukamulia

Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya chombo kidogo cha jikoni, yaani kikamulio cha machungwa na ndimu, kile kifanyacho kazi kwa nguvu za mkono, pasipo moto wala umeme. Huenda mtu akasema, "Hilo nalo ni neno la kuandikwa? Nani asiyejua kukamua ndimu?" Mimi nami nalisema hivyo zamani. Tangu utoto wangu nalikamua ndimu kwa vidole, kama alivyofanya mama yangu, na bibi yangu kabla yake. Lakini kwa sababu ya ndimu zilizokamuliwa kwa vidole, mtu asiye na kosa aliondoka nyumbani mwangu akilia, na mimi ndiye niliyemwondoa. Basi nitawaeleza kwanza kisa hicho, kisha nitaeleza chombo na kazi yake, mpate faida kwa hasara yangu.

KISA CHA ALAMA ZA VIDOLE

Sisi twakaa wilaya ya Muheza, katika mkoa wa Tanga, nchi ya michungwa. Mume wangu ni mwalimu. Nyumbani mwetu alikuwamo mama mkwe wangu, watoto wetu, na binti wa kaka yangu kutoka Lushoto, ambaye alikuwa amemaliza darasa la saba, akaja kwetu ajifunze kushona. Alikuwa mtoto mpole, mwepesi wa kazi. Mtoto wangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka miwili, alimpenda kuliko sisi sote.

Siku moja ya Jumamosi palikuwa na arusi kwa jirani, nami naliahidi kupeleka sharubati ya ndimu. Nalikaa uani tangu asubuhi na kikapu cha ndimu. Nikazikata moja moja, nikazikamua kwa vidole hata mikono ikalowa mpaka viwikoni. Mtoto alikuwa akicheza karibu nami bila nguo, maana joto lilikuwa kali. Akaja akinililia, nikamshika chini ya makwapa, nikamwinua, nikambembeleza kidogo, kisha nikamweka chini tena penye jua aendelee na mchezo wake. Sikunawa. Nani anawe mikono kwa sababu ya ndimu, kitu tunachosafishia samaki? Jioni binti wa kaka yangu alimwogesha mtoto kama desturi yake, akamlaza.

Siku ya Jumatatu naliona wekundu katika mbavu za mtoto. Jumanne ulikuwa umegeuka malengelenge, nayo yalikuwa na umbo: alama nne mgongoni upande huu, nne upande huu, na moja kila upande wa kifua, kama vidole vya mtu. Jirani mmoja alipoona akashika kichwa, akasema hiyo ni mikono ya mchawi aliyekuja usiku. Mimi nalimkemea. Lakini mama mkwe wangu akasema, "Mwanangu, mambo ya uchawi tuyaache. Mtoto huyu amefinywa, au ameshikwa kwa mikono iliyotoka katika maji ya moto. Nani humwogesha?"

Nalijisifu moyoni kwamba siamini uchawi. Kumbe naliukataa uongo mmoja nikaupokea mwingine, kwa sababu wa pili ulikuwa na sura ya akili. Nalimwita binti nikamwuliza. Akasema, "Shangazi, mimi sikumfinya. Maji yalikuwa vuguvugu." Nikamwuliza mara ya pili kwa ukali. Akajibu vile vile. Mara ya tatu akanyamaza, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni ushahidi. Siku ya Jumatano alfajiri mume wangu alimpeleka kituo cha basi, akarudi kwao. Naye hakuwa na hakika. Alisema tungoje kwanza. Mimi sikutaka kungoja.

Siku ya Alhamisi lengelenge moja likapasuka, nikampeleka mtoto zahanati. Tabibu, mama mtu mzima, akatazama alama zile kitambo kirefu. Hakuniuliza ni nani aliyemwumiza. Aliniuliza, "Mama, juzi hizi ulikuwa ukikamua ndimu?" Nikastaajabu. Nikasema, "Ndiyo, Jumamosi." Akasema, "Na mtoto ulimshika? Na jua lilikuwa likiwaka?" Kisha akasema, "Hebu weka mikono yako hapa, bila kumgusa." Nikaweka. Vidole vyangu vikalingana na alama zile, kimoja kimoja, hata kidole changu cha kati cha mkono wa kushoto, ambacho kimepinda tangu utoto. Tena akanionyesha nyuma ya mkono wangu mwenyewe palipokuwa na doa jeusi, ambalo nalilidhani ni la mafuta ya moto.

Akanieleza. Katika ndimu, na hasa katika ganda lake, mna kitu ambacho wataalamu hukiita furanokumarini. Kitu hicho peke yake hakiunguzi, lakini kikiwa juu ya ngozi, nayo ngozi ikapigwa na jua, mwanga wa jua hukiamsha kikaunguza kama moto. Wala maumivu hayaji saa ile ile. Kwa desturi wekundu huanza baada ya siku moja, na siku ya pili au ya tatu huzidi, pengine yakatoka malengelenge. Kisha hubaki weusi wa majuma mengi, hata miezi. Ndiyo maana watu hawakumbuki chanzo chake. Akaniambia kwamba mahali pengi duniani wazazi na yaya wamedhaniwa kuwa wamewatesa watoto kwa sababu ya alama kama hizo. Viganja vya mikono havikuungua kwa kuwa ngozi yake ni nene, tena havitazami jua.

Nalirudi nyumbani nikiwa na dawa ya kupaka mkononi na jiwe moyoni.

CHOMBO CHENYEWE

Juma lile lile mume wangu alikwenda mjini akanunua kikamulio. Tangu hapo nimejifunza kwamba vipo vya namna tatu, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni kisahani chenye kilele katikati, kilichochongoka, na mifereji kandokando yake. Huwa cha kioo, cha udongo uliochomwa, au cha plastiki. Nusu ya chungwa huwekwa juu ya kilele na kuzungushwa kwa mkono. Maji hushuka kisahanini, na kokwa huzuiwa na meno madogo. Hiki chafaa sana machungwa, machenza na mabalungi, maana kilele hukwangua nyama ya tunda bila kulibana ganda.

Cha pili kina mikono miwili iliyounganishwa kwa bawaba. Mkono mmoja una kikombe chenye matundu, na wa pili una kichwa cha mviringo kinachoingia katika kikombe. Hiki chafaa ndimu na malimau. Vyombo vya kukamulia malimau vina historia ndefu. Huko Marekani, mtu mweusi aitwaye John Thomas White alipewa hati ya uvumbuzi wa kikamulio cha malimau tarehe 8 Desemba 1896.

Cha tatu ni kikubwa, chenye kusimama juu ya meza na mkono mrefu wa kushusha. Hicho ndicho wanachotumia wauzaji wengi wa maji ya machungwa mijini. Mkono ule mrefu huongeza nguvu, kama mtu ainuaye jiwe kwa mti mrefu. Kwa nyumba ya watu sita au saba si lazima. Lakini shule au nyumba yenye wageni wengi itakiona kuwa ni msaada.

Kabla ya kununua, kitazame chombo kimetengenezwa kwa kitu gani. Maji ya ndimu ni makali, nayo hula madini. Kioo, udongo uliochomwa vizuri na chuma kisichoshika kutu havina neno. Cha aluminiamu kisichopakwa rangi chaweza kutumika, lakini kioshwe mara moja, wala maji ya ndimu yasilale ndani yake. Kilichopakwa rangi, rangi ikianza kubanduka, kiache. Na vyombo vya shaba msivitumie kabisa kwa kazi hii.

NAMNA YA KUKAMUA

1. Chagua tunda kwa uzito. Huku kwetu chungwa lililoiva huwa bado na ganda la kijani, maana ganda hugeuka rangi ya dhahabu penye usiku wa baridi, na pwani hatuna baridi hiyo. Basi usitazame rangi. Shika machungwa mawili yaliyo sawa kwa ukubwa. Lililo zito ndilo lenye maji.

2. Osha tunda kwa maji safi kabla ya kulikata. Wengine hucheka, husema, "Ganda haliliwi." Ni kweli, lakini kisu hupita gandani kwanza, kisha huingia ndani, kikichukua vumbi la soko pamoja nacho.

3. Livingirishe tunda mezani chini ya kiganja, ukilibonyeza kidogo, mara kumi au zaidi. Ndani mna vifuko vingi vya maji. Ukivilegeza, vitapasuka kwa urahisi. Na likiwa limetoka mahali pa baridi, liache kwanza lipate joto la nyumba.

4. Likate kwa upana, katikati ya kikonyo na kitako, wala si kwa urefu. Ukikata kwa upana, vipande vyote vya ndani hufunguka, kila kimoja hutoa maji yake. Ukikata kwa urefu, utando huziba njia.

5. Ukitumia kikamulio cha kilele, bonyeza kwa kiasi na kuzungusha, kwanza kuume kisha kushoto. Ukiona weupe wa ndani umeanza kukwanguka, acha. Weupe ule ni mchungu. Mwenye kutaka tone la mwisho huliharibu la kwanza.

6. Ukitumia kikamulio cha bawaba, angalieni sana, maana hapa wengi hukosea, nami nalikosea mwezi mzima. Mtu akiona kikombe cha mviringo hudhani tunda liwekwe kama umbo lake lilivyo, ganda chini na uso uliokatwa juu. Laonekana sawa kwa macho, lakini sivyo. Weka uso uliokatwa chini, utazame matundu, na ganda lielekee juu. Ukifunga mikono, kichwa kile kitalisukuma ganda na kuligeuza ndani nje, kama mtu ageuzavyo kofia, na maji yote yatapita katika matundu. Ukiweka kinyume, maji hukosa njia, yatakurukia usoni.

7. Kamua kwa kituo, usikurupuke. Ndimu kubwa ikate kando kidogo, ikae vizuri katika kikombe.

8. Kioshe chombo saa ile ile. Nyama ya tunda ikikauka katika matundu huwa ngumu, nayo huvuta nzi. Mswaki wa zamani uliotengwa kwa kazi hiyo wafaa sana.

Maganda msiyatupe ovyo. Yaanikeni juani hata yakauke kabisa. Mafuta yaliyomo ndani hushika moto upesi, nayo huwasha kuni vizuri siku za mvua.

Jambo moja zaidi. Mmepata kuona kwamba maji ya machungwa yaliyokuwa matamu asubuhi huwa machungu jioni? Si hasira ya mpishi. Katika machungwa ya namna fulani mna kitu ambacho hakina uchungu tunda likiwa zima. Lakini likisha kukamuliwa, ukali wa maji yenyewe hukigeuza polepole kikawa limonini, nayo ni chungu. Tena kadiri weupe na kokwa zilivyosagwa, ndivyo uchungu unavyozidi. Kwa hiyo kamua kwa wepesi, chuja, na kunywa upesi.

FAIDA ILIYOMO

Zamani mabaharia waliokaa baharini miezi mingi walipatwa na ugonjwa wa kiseyeye. Ufizi ulivimba na kutoka damu, meno yalilegea, vidonda vya kale vilifunguka tena, na wengi walikufa. Mwaka 1747 tabibu Mskoti, James Lind, aliyekuwa katika merikebu Salisbury, alichukua wagonjwa 12, akawagawanya wawili wawili. Wote walipewa chakula kimoja, lakini kila wawili walipewa dawa mbalimbali: wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha baada ya siku sita tu. Hata hivyo mmoja wa wale wawili alikuwa karibu kupona kabisa, na mwenzake alikuwa na nafuu kuliko wote wengine. Lind alitoa kitabu chake mwaka 1753, lakini ilipata mwaka 1795 ndipo wakuu wa manowari za Uingereza walipoagiza mabaharia wapewe maji ya malimau. Fikirini ni watu wangapi walikufa katika miaka ile, na dawa imekwisha julikana.

Wala si hayo tu. Lind mwenyewe alishauri maji ya malimau yachemshwe moto mpaka yawe mazito, yapate kuwekwa siku nyingi. Hakujua kwamba moto wa muda mrefu huiondoa nguvu ile ile aliyoitafuta. Baadaye, katika karne ya 19, Waingereza waliacha malimau wakatumia ndimu, ambazo nguvu yake ni pungufu, na maji yake yaliwekwa sana na kupitishwa katika mabomba ya shaba, nayo shaba huiharibu nguvu hiyo. Basi wasafiri waliokwenda nchi za barafu mwaka 1875 wakapatwa na kiseyeye tena, ingawa walikuwa na maji ya ndimu. Tabibu wengine wakaanza kusema kwamba matunda hayana dawa. Hivyo mtu aweza kuwa na dawa, akaiua kwa mikono yake, kisha akailaumu dawa.

Nguvu hiyo leo twaiita vitamini C. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipata kuitenga, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Mtu mzima ahitaji kiasi cha miligramu 45 kwa siku, na mililita 100 za maji ya machungwa, yaani nusu ya bilauri, zina kiasi cha miligramu 50. Ndimu zina pungufu, lakini zina faida.

Faida nyingine yatuhusu sana sisi tulao mboga za majani na maharage. Katika vyakula hivyo mna madini ya chuma, ambayo damu huyahitaji. Lakini chuma cha mboga huingia mwilini kwa shida. Vitamini C hukisaidia kuingia, na chai hukizuia. Basi ukila maharage au mchicha, ukamulie ndimu juu yake, na chai uiache saa nyingine. Ndimu itiwe baada ya sufuria kuepuliwa, isichemke pamoja na mboga. Mama mja mzito na msichana anayekua wana haja ya jambo hili kuliko wengine. Lakini mtu aliyekwisha pungukiwa damu aende zahanati; ndimu haishiki mahali pa dawa.

YA KUANGALIA

Kwanza, sabuni. Kila aliyekamua ndimu au limau, kwa kikamulio au kwa kidole, anawe mikono kwa maji na sabuni hata viwikoni kabla ya kumshika mtoto na kabla ya kutoka nje penye jua. Kikamulio hupunguza sana maji yagusayo mkono, lakini hakiyaondoi yote. Mtoto akirukiwa na maji ya ndimu, aoshwe kwa sabuni papo hapo, akae kivulini. Alama zikiisha toka, msitumbue malengelenge, wala msipake mafuta ya taa au majivu. Mpelekeni kwa tabibu.

Pili, maji ya kuongezea. Sharubati ikichanganywa na maji machafu huleta ugonjwa. Wako wasemao ndimu huyasafisha maji, msiwategemee. Maji yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe.

Tatu, watoto wachanga. Mtoto wa chini ya miezi sita hunyonya tu. Hata aliye chini ya mwaka mmoja hana haja ya maji ya matunda. Apewe tunda laini lililopondwa.

Nne, kiasi. Bilauri moja hula machungwa matatu au manne. Sukari yote ya machungwa hayo imo, bali nyuzinyuzi zimebaki kwenye maganda. Chungwa zima ni bora kila siku; maji yake yawe ya wageni, ya mgonjwa asiyeweza kutafuna, na ya siku machungwa yanapojaa sokoni hata yakaanza kuoza. Msiongeze sukari. Wala msipige mswaki mara baada ya kunywa, maana ukali huo hulegeza meno kwa juu. Sukutueni kwa maji, mngoje nusu saa.

Tano, balungi na dawa. Maji ya balungi huzidisha nguvu ya dawa nyingine, kama baadhi ya zile za shinikizo la damu, hata zikadhuru. Na chanzo chake ni vitu vya jamii ile ile ya furanokumarini niliyoitaja. Mzee anayetumia dawa kila siku aulize kwanza.

MWISHO WA KISA

Sasa nimalize nilivyoanza. Siku mbili baada ya kutoka zahanati nalipanda basi kwenda Lushoto. Njia nzima nalikuwa nikipanga maneno, na nilipofika kwa kaka yangu nikayasahau yote. Alinikaribisha, akanipa kiti, wala hakusema neno la ukali, na hilo lilikuwa zito kwangu kuliko matusi. Akamwita binti yake.

Akaja, akaniamkia, "Shikamoo, shangazi." Nikaitika kwa shida. Nikamwambia habari ya ndimu na jua, nikamwonyesha doa la mkono wangu. Nikamwambia, "Ni vidole vyangu, si vyako. Nimekukosea, nisamehe."

Alitazama chini. Kisha akasema, "Shangazi, nilikuambia."

Nikasema, "Uliniambia."

Akasema, "Nilikuambia mara mbili. Ya tatu nikaona hutaki kusikia."

Sikuwa na la kujibu. Na hili ndilo nitakalo mlikumbuke hata mkisahau habari za kisu na kikombe. Alama tuliziona sote kwa macho. Lakini maana ya alama tuliitia sisi wenyewe, na aliyekuwa mnyonge kuliko wote nyumbani ndiye aliyebebeshwa. Siku tatu za kungoja zingetosha. Majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume.

Kaka yangu hakumruhusu arudi siku ile. Alisema, "Mtoto aamue mwenyewe, nawe rudi kwako." Yalipita majuma matatu. Siku moja ya soko nalikuwa jikoni nikaosha kikamulio, nikasikia hodi, na mdogo wetu akapiga kelele ya furaha kabla sijafika mlangoni. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliinuka mwenyewe akampokea mzigo, akamwambia, "Karibu, mjukuu wangu. Nilisema vibaya."

Alama katika mbavu za mtoto zilikaa miezi minne, zikififia kidogo kidogo. Kila nilipomwogesha naliziona. Zimekwisha sasa. Kikamulio kimetundikwa msumarini karibu na ndoo ya maji, na kando yake pana kipande cha sabuni ambacho hakiondolewi kwa kazi nyingine. Binti wa kaka yangu ndiye aliyekiweka.